Mpingo wa Mwenge na chura wa Mlimani

Panda daladala ya Mwenge–Ubungo. Si mbali na unapopandia kuna vibanda vya wachonga vinyago, ambako mpingo unapigwa tezo tangu asubuhi. Kabla konda hajakurudishia chenji, gari linapita ubavuni mwa Mlimani, na huko ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafugwa vyura wa manjano ambao mkubwa wao hafiki sentimita 3. Mti huku, chura kule, nauli ni moja.

Wote wawili utasikia wakitajwa kwa maneno yaleyale: wako hatarini kutoweka. Nimeyasikia redioni, nimeyasikia kwenye hotuba, na nimemsikia mwongoza watalii akimweleza mgeni hivyo ili ahalalishe bei ya kinyago. Maneno hayo yamekuwa kama kapu la sokoni, kila kitu kinatiwa humo. Mpingo unaota katika nchi zaidi ya 20 za Afrika, kuanzia Senegali, kupita Ethiopia, hadi kusini ya bara. Chura yule wa Mlimani, aitwaye chura wa Kihansi, makazi yake yote duniani yalikuwa hekta 2 hivi, na hizo nazo zikamponyoka. Kuwaweka kundi moja ni kama kusema mwenye mafua na aliyelazwa ICU wote ni wagonjwa. Ni kweli, lakini hakuna daktari anayeweza kutibu kwa maelezo hayo.

Tuanze na majina, kwa sababu huko mbele tutaona jina linavyoweza kukupa ulinzi hata usiouomba.

Waliosoma sarufi wanakumbuka ngeli. Neno "chura" lina umbo kama la chakula na chandarua: chura–vyura, chakula–vyakula. Kwa kutazama sura ungelitupa KI-VI ukaendelea na shughuli zako. Lakini hakuna anayesema chura hiki kimeruka. Chura huyu ameruka, basi, A-WA, kwa sababu ngeli hufuata upatanisho wa neno na wenzake kwenye sentensi, haihadaiki na umbo. Wanabiolojia nao wana ngeli, tena kwa jina hilohilo, ikiwa ngazi mojawapo kati ya saba zinazofundishwa shuleni: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Na wao pia hawahadaiki na umbo. Kiumbe huwekwa pamoja na ndugu zake wa nasaba, hata kama kwa sura anafanana na wa mbali.

Mpingo ni mfano mzuri. Wageni wengi pale Mwenge huuita eboni, na wauzaji hawawasahihishi, biashara ni biashara. Eboni yenyewe ni miti ya jenasi Diospyros, iliyo katika familia nyingine kabisa. Mpingo ni Dalbergia melanoxylon, wa familia Fabaceae, na hao ndio maharage, kunde, choroko na karanga. Ukitaka ushahidi usilitazame gogo, maana weusi wa gogo ndio unaopoteza watu. Subiri mti uzae. Utaona maganda membamba kama karatasi, kila moja na mbegu moja au mbili ndani, ganda la kunde lililonyimwa chakula. Jina melanoxylon ni Kigiriki, maana yake mti mweusi tu, halina falsafa. Lilitolewa mwaka 1832 na wataalamu wa mimea Guillemin na Perrottet kwa mmea uliotoka Senegali, kwa hiyo mti tunaouona kuwa wetu wa Lindi na Mtwara cheti chake cha kuzaliwa kinasoma Afrika Magharibi.

Chura wetu anaitwa Nectophrynoides asperginis. Ni wa oda Anura, walimo vyura wote, na familia Bufonidae. Neno asperginis linatokana na Kilatini, linahusu manyunyu, kwa sababu aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Jambo linalomtenga na vyura wa mtaani kwetu si rangi yake. Chura wa kwenye madimbwi ya Jangwani hutaga mayai majini, yakatoka viluwiluwi, vikaota miguu. Wa Kihansi anazaa. Watoto hukulia tumboni na kutoka wakiwa vyura kamili, wadogo kuliko punje ya mchele, wakaanza kutafuta riziki siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo sababu mojawapo jenasi yake inapendwa na watafiti, na jenasi hiyo, kwa jinsi inavyotambuliwa leo, haipatikani nchi nyingine isipokuwa Tanzania.

Kati ya mpingo na chura huyu undugu upo, ukirudi nyuma zaidi ya miaka bilioni moja, kabla himaya ya mimea na ya wanyama hazijaachana. Kwa matumizi ya kawaida tuseme hawajuani.

Sasa hadhi. Watu wanaposema kiumbe "ameorodheshwa" huwa wanachanganya orodha mbili zisizohusiana sana. Ya kwanza ni Orodha Nyekundu ya IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi. Hiyo ni kama kipimo cha homa. Haimkatazi mtu kufanya chochote, inasema tu mgonjwa ana joto kiasi gani. Ngazi zake ni tisa. Mbili ni za kukiri kwamba kazi haijafanyika au taarifa hazitoshi. Zinazobaki zinapanda kutoka wasiotia wasiwasi, walio karibu na hatari, walio hatarini kwa viwango vitatu vinavyozidiana, waliotoweka porini, na mwisho waliotoweka kabisa. Mpingo umo kwenye "karibu na hatari". Chura wa Kihansi, tangu 2009, yumo kwenye "ametoweka porini". Kati yao kuna ngazi tatu nzima, na hizo tatu ndizo zinazostahili kuitwa "hatarini kutoweka". Maana yake ni kwamba lile neno la redioni halimhusu hata mmoja wao. Mmoja hajalifikia, mwingine amelipita.

Wanapangaje? Wengi hudhani ni kwa kuhesabu vichwa tu, kwamba waliobaki wachache ndio walio hatarini. Idadi ni kipimo kimoja, lakini kuna kasi ya kupungua, kuna ukubwa wa eneo, na kuna hesabu za uwezekano wa kutoweka katika miaka kadhaa ijayo. Kiumbe kikishindwa kipimo kimoja tu, kinatosha kumpandisha ngazi. Kwenye eneo, kwa mfano, spishi inayokalia chini ya kilomita za mraba 10, ikiwa pia iko mahali pamoja tu na makazi yake yanaharibika, inaingia ngazi ya juu kabisa ya hatari. Kilomita za mraba 10 ni hekta 1,000. Chura alikuwa na 2. Ndiyo maana makala ileile ya kisayansi iliyompa jina ilimtangaza papo hapo kuwa hatarini mno, ingawa waliofika korongoni waliwakuta wamejaa tele. Cheti cha kuzaliwa na barua ya kulazwa hospitali vilitoka pamoja.

Na waliodhani hiyo ni kuvuka mipaka walipata jibu lao. Mwezi wa Juni 2003 makadirio yalikuwa vyura kama 20,000. Ilipofika Januari 2004, waliokwenda kuwatafuta waliona watatu. Elfu ishirini ni wengi, lakini wakiwa wote kwenye eneo unaloweza kulizunguka kwa miguu asubuhi moja, msiba mmoja unawatosha wote.

Msiba wenyewe ulikuwa na mikono mingi. Kihansi ni mtambo wa umeme wa megawati 180, na ujenzi ulikuwa umeshaanza wakati chura anagunduliwa, mwaka 1996. Mtambo ulipowashwa, maji yaliyokuwa yakianguka korongoni, kama mita za ujazo 16 kwa sekunde, yakaelekezwa kwenye mitambo, na korongo likaachiwa kama sehemu moja ya kumi. Manyunyu yakakauka. Wataalamu wakafunga mabomba ya kunyunyiza, kanuni ileile ya bustani ya hoteli, ili walau korongo lipate ukungu wa bandia. Ikasaidia, hata vyura wakaongezeka. Kisha ikaja kuvu ya kitridi, inayoshambulia ngozi ya vyura. Kwa chura ngozi si nguo tu. Huitumia kunywa maji na kuweka sawa chumvi za mwilini, na ikiziba moyo unasimama. Kuvu hiyo imemaliza spishi za vyura mabara mbalimbali. Kuna pia wanaotaja viuatilifu vilivyoteremka na tope bwawa lilipofunguliwa. Lipi lilikuwa la kwanza na lipi la pili, wenyewe wanaendelea kujadiliana.

Kipindi kile hapa Dar mjadala ulikuwa mwepisi kuliko mambo yenyewe: umeme au vyura? Ukikaa gizani wiki nzima kwa mgawo, jibu linakuja lenyewe. Mimi naona swali lilikosewa. Mtambo ulikuwa umeshajengwa, hakuna aliyekuwa anapendekeza ubomolewe. Kilichokuwa mezani ni maji kiasi gani yaachwe yapite korongoni, na hilo ni jambo la kupimwa kwa namba, halikuhitaji kupigiwa kura ya mapenzi kati ya balbu na chura.

Kwa bahati, Novemba 2000, wakati bado wapo, vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Miaka ya mwanzo wengi walikufa, wakabaki wasiofika mia. Wakazidi kujifunza namna ya kuwatunza, wengine wakahamishiwa bustani ya Toledo, idadi ikapanda tena. Agosti 2010 vyura 100 wakarudi nyumbani kwa ndege, wakapelekwa Mlimani. Jasho la Dar halimfai kiumbe wa korongo la ubaridi, kwa hiyo wanakaa kwenye vyumba ambavyo joto na unyevu vinadhibitiwa kwa mashine. Mashine zinatumia umeme, umeme unatoka gridi ya taifa, na Kihansi inaingiza megawati zake kwenye gridi hiyohiyo. Sijui nicheke au nifanyeje.

Mwaka 2012 vyura wa kwanza wakarudishwa korongoni. Hapa wengi huuliza, sasa kwa nini bado wanaitwa waliotoweka porini, na wapo porini? Kwa sababu kumrudisha si kurudi. Ukihamisha kuku kumi kwenda shamba lisilo na kuku, kesho yake huwezi kusema shamba lina kuku. Subiri uone kama wanaatamia, kama vifaranga vinakua, kama kicheche atabakiza. Orodha Nyekundu inataka kuona waliorudishwa wakizaana na kudumu bila kuongezewa wapya kila msimu.

Mpingo una tatizo la kinyume: muda wake ni mrefu mno kwa vipimo vyetu. Kasi ya kupungua hupimwa kwa miaka 10 au vizazi vitatu vya spishi husika, kutegemea kipi ni kirefu zaidi. Kwa chura vizazi hivyo ni miaka michache. Mpingo huhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, kwa hiyo vizazi vitatu vinaweza kukurudisha kabla Mjerumani hajatia nanga Bagamoyo, na enzi hizo hakuna aliyehesabu miti. Halafu mpingo ni mgumu kufa. Ukiukata unachipua kisikini, ukiungua unatoa matawi mapya upande, yaliyopinda, yenye viini vilivyooza. Kibiolojia upo. Kwa fundi anayetaka gogo lililonyooka, haupo. Wachongaji wa Kenya waliligundua hilo mapema, mpingo mkubwa ulipowaadimikia wengi wao wakahamia miti mingine, mwarobaini ukiwemo. Hali hiyo huitwa kutoweka kibiashara, na Orodha Nyekundu haina ngazi yake. Ndiyo maana fundi wa Mwenge na mtaalamu wa IUCN wanaweza kubishana siku nzima na wote wawe sahihi.

Orodha ya pili ni ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Huu haupimi homa, huu ni geti. Unahusu kuvuka mipaka tu, na una viambatisho vitatu. Aliye kwenye cha kwanza hafanyiwi biashara. Aliye kwenye cha pili anauzwa kwa kibali, baada ya nchi kuthibitisha kwamba uvunaji hauimalizi spishi. Cha tatu hakituhusu leo.

Sasa lile la jina. Orodha Nyekundu hupima spishi mojamoja. CITES huweza kuorodhesha jenasi nzima kwa mpigo, na aliyezaliwa ndani ya jenasi hiyo anarithi. Jenasi Nectophrynoides iliingizwa kwenye kiambatisho cha kwanza mwaka 1975, mkataba ulipoanza kazi. Chura wa Kihansi aligunduliwa 1996. Kwa hiyo alikuwa na ulinzi wa juu kabisa wa kibiashara duniani miaka 21 kabla binadamu mwenye daftari hajamwona. Wataalamu walipokuja kugawa jenasi hiyo na kuwahamishia vyura wa Ethiopia na wa Mlima Nimba kwenye jenasi mpya, mkataba nao ukalazimika kuyaandika majina hayo mapya pembeni ya la zamani, la sivyo wangejikuta nje ya geti kwa kubadilishiwa ubini tu.

Na ulinzi huo ulimfaa nini? Karibu hakuna. Hakuna aliyekuwa anasafirisha chura huyu kwa magunia. Adui yake alikuwa ukame wa bandia na kuvu, na hao hawaombi kibali forodhani.

Mpingo ukaingia kwa mlango uleule wa jenasi, ila kwa makosa ya binamu zake. Miti ya Dalbergia ya Madagaska na ya Asia ilikuwa inamalizwa kwa soko la samani za kifahari, na afisa wa forodha hawezi kuzitofautisha mbao zake zikishapasuliwa. Mkutano wa CITES wa Johannesburg ukaamua kuiweka jenasi yote kwenye kiambatisho cha pili, kuanzia Januari 2017. Mpingo ukakumbwa. Waliolia kwanza walikuwa wanamuziki, maana klarineti na obo nyingi hutengenezwa kwa mpingo, na mpigaji wa okestra aliyezunguka nchi tano akajikuta anahitaji karatasi kama msafirisha magogo. Mwaka 2019 masharti yakalegezwa: vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaachwa, na bidhaa zilizokamilika zikaruhusiwa bila kibali cha CITES ikiwa mbao yake haizidi kilo 10 kwa shehena. Sheria za misitu za nchi ni habari nyingine, zinabaki palepale.

Tofauti na chura, geti hili linamgusa mpingo kweli, kwa sababu mpingo huondoka msituni kwa kuwa kuna mnunuzi. Na kuna upande wake mzuri. Kule Kilwa, vijiji vilivyomilikishwa misitu yao vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu mwaka 2009, na mpingo ukawa sababu ya kijiji kulinda msitu badala ya kuugeuza mkaa.

Kilo 10 nilizikumbuka Jumamosi moja nilipokuwa Mwenge na kinyago nilichokuwa nimenunua mjini kwa bei ya kujivunia. Fundi mmoja aliyekuwa akipiga msasa alikipokea, akakipima mkononi, akacheka kabla sijaeleza.

"Kaka, hiki kimepakwa dawa ya viatu."

Akakigeuza, akakikwangua kidogo chini kwa ncha ya tupa. Weusi ukatoka, ndani kukaonekana mbao rangi ya maandazi. Akaokota kipande cha mpingo kilichokuwa kati ya vibanzi miguuni mwake, kina ukanda mweupe wa nje na kiini cheusi kikianza ghafla kama mpaka uliochorwa kwa rula. Akakitia kwenye ndoo ya maji. Chubwi, chini. Kinyago changu kikaelea kama boya la Feri.

Nikamuuliza kama anaweza kunichongea chura wa Kihansi kwa mpingo wa kweli, ukubwa uleule wa chura mwenyewe. Nikamwonyesha kwa kucha urefu wenyewe.

"Huyo tupa itammaliza yote," akasema. "Na nikimweka hapa mbele watu wa Simba watadhani nawatania Yanga." Akainama, akaanza kupekua vibanzi akitafuta kipande kidogo zaidi.